Mgawo wa maji hugawa saa, haugawi maji

Mgawo wa maji ni maneno ambayo wakazi wa Dar es Salaam wanayajua vizuri kuliko wangependa. Mvua za vuli zikichelewa Mto Ruvu hupungua, mto ukipungua mitambo hukosa cha kusukuma, na hapo ratiba hutoka: mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Kila mmoja wetu huisoma ratiba hiyo kama mgao wa haki. Juma hili, msikilizaji, nataka tuitazame kwa karibu, maana kuna jambo moja haisemi. Mgawo wa namna hii hugawa saa. Maji yenyewe hayagawi.

Tuanze na hesabu kidogo. Mwaka 2022 mitambo miwili mikubwa ya Ruvu, yaani Ruvu Juu pale Mlandizi na Ruvu Chini upande wa Bagamoyo, ilikuwa na uwezo wa kuzalisha lita milioni 466 kwa siku: milioni 196 Ruvu Juu na milioni 270 Ruvu Chini. Mitambo yote miwili huchota moja kwa moja mtoni, bila bwawa kubwa la akiba nyuma yake. Kwa hiyo kinachonyesha au kisichonyesha katika milima ya Uluguru huonekana bombani muda si mrefu. Oktoba mwaka huo ilitangazwa kwamba uzalishaji umeshuka hadi kiasi cha lita milioni 300 kwa siku, na mgawo ukaanza.

Sensa ya mwaka huo huo ilihesabu watu wapatao milioni 5.38 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Gawanya milioni 300 kwa watu hao, unapata kama lita 56 kwa kila mtu, mtoto na mzee, kwa siku. Ni karibu ndoo tatu kubwa kwa kichwa.

Sasa linganisha na mji mwingine. Ukame ulipoibana Cape Town, Afrika Kusini, wakazi waliambiwa kwamba kuanzia tarehe 1 Februari 2018 kila mtu atumie lita 50 tu kwa siku, na kwamba mabwawa yakishuka zaidi mabomba ya majumbani yatafungwa na watu watapanga foleni vituoni kuchukua lita 25 kila mmoja. Siku hiyo ya kufunga haikufika. Mji ambao mwaka 2015 ulikuwa ukitumia kama lita bilioni 1.2 kwa siku ulishuka hadi kiasi cha lita milioni 500.

Kwa karatasi, basi, mkazi wa Dar es Salaam wakati wa mgawo alikuwa na maji zaidi ya aliyoruhusiwa mkazi wa Cape Town. Mbona basi kuna nyumba zilizokaa na ndoo mbili kwa siku nzima kwa watu sita?

Sehemu ya jibu ni kwamba maji ya Ruvu hayaishii Dar es Salaam peke yake. Kibaha na Bagamoyo nao wanakunywa humo, viwanda vinatumia, na kiasi kisicho kidogo humwagika njiani kwa mabomba yaliyopasuka. Lakini sehemu nyingine ya jibu ipo katika namna ya kugawa. Cape Town walibana kwa lita: mita ilisomwa, bei ikapanda kwa anayezidisha, na waliokaidi wakafungiwa vifaa vya kupunguza maji. (Nao hawakuwa malaika. Wenye fedha walichimba visima uani, na wakazi wa vibanda, wanaochota kwenye bomba la jumuiya, walikuwa wakitumia sehemu ndogo sana ya maji ya mji hata kabla ya ukame.) Sisi tunabana kwa saa. Bomba likifunguliwa kwa saa sita, mwenye simtanki la lita 5,000 hujaza lita 5,000, na mwenye ndoo tatu hujaza ndoo tatu. Wote wawili wamepata mgawo wao sawasawa, kwa mujibu wa ratiba.

Chukua nyumba ya kupanga yenye vyumba sita, bomba moja uani. Maji yanatoka saa 8 usiku. Anayeamka ni mama au binti wa shule, si mwingine. Mpangaji anayefanya kazi ya ulinzi usiku hayupo; akirudi asubuhi anakuta bomba linapumua hewa. Atanunua kwa mwenye mkokoteni. Uniti moja katika ankara ya maji ni lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita ishirini. Gawanya bei ya uniti kwa 50, kisha linganisha na bei ya ndoo moja ya mkokoteni mtaani kwako. Utaona nani analipa gharama ya ukame.

Lipo pia tatizo la ndani ya bomba lenyewe. Bomba lililojaa maji muda wote husukuma nje. Likipasuka maji hutoka, uchafu hauingii. Bomba linalokaa tupu siku nzima hunyonya. Tope, maji ya mtaro, na mahali pengine maji ya choo, huingia kwenye nyufa na kusubiri zamu ifike. Ndiyo maana maji ya mwanzo huja na rangi. Yaache yatoke kwa dakika chache, uyakinge kwenye ndoo ya kufulia au ya chooni, ndipo uanze kujaza ya kunywa. Na wale wanaofunga pampu ya umeme moja kwa moja kwenye bomba la mtaa ili kuvuta kwa nguvu, waelewe wanafanya mambo mawili kwa mpigo: wanamnyang'anya jirani aliye mlimani, na wanaunyonya uchafu huo kwa kasi kuuleta katika tangi lao wenyewe.

Mgawo ukishaanza, nyumba haina budi kujua inatumia nini. Watu wengi hukisia, na hukisia vibaya. Wanadhani kunywa na kupika ndiko kunakomaliza maji. Familia ya watu sita, kwa kunywa na kupika, ndoo mbili au mbili na nusu zinatosha. Kinachomaliza maji ni choo cha kuvuta, bafu la mvua na ufuaji. Choo cha zamani humeza lita tisa na zaidi kila kinapovutwa. Watu sita wakikivuta mara nne nne, umepita lita 200 kabla hujapika chai. Bafu la mvua humwaga kama lita kumi kwa dakika. Mtu mzima huoga vizuri kwa ndoo ndogo ya lita kumi na kopo, kama tulivyolelewa wengi wetu.

Kwa hiyo maji yaende kwa madaraja, yakishuka kutoka kazi safi kwenda kazi chafu. Maji ya kusuuza nguo za leo yaloweke nguo chafu za kesho. Yakichoka hapo yapige deki, yaliyobaki yaende chooni. Wenye kisima cha chumvi, na pwani visima hivyo ni vingi, watumie maji hayo kwa deki na choo, ya bomba wayatunze kwa kinywa.

Maji ya kunywa yawe na chombo chake peke yake, chenye mfuniko, na ikiwezekana chenye koki. Kopo linalozamishwa na kila mkono ndilo linaloleta kuhara nyumbani hata kama maji yaliingia safi. Yachemshwe mpaka yatokote, au yatiwe dawa ya kutibu maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa au pakiti yake. Kama yana tope, yachujwe kwanza kwa kitambaa safi, kwa sababu dawa hupoteza nguvu katika maji machafu.

Na mapipa yafunikwe. Hili watu hulidharau. Mbu anayeeneza homa ya dengue hataki mtaro mchafu. Anapenda maji yaliyotulia na safi, yaani hasa yale uliyoyahifadhi kwa taabu. Dar es Salaam iliipata homa hiyo mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mayai yake hugandamana ukutani mwa pipa, kwa hiyo pipa likiisha maji lisuguliwe kwa brashi kabla ya kujazwa tena.

Hayo ni ya nyumbani. Ya mamlaka nayo yapo. Visima virefu vya Kigamboni, vyenye uwezo wa lita milioni 70 kwa siku, vilizinduliwa Novemba 2022, na mwezi huo huo ulitiwa saini mkataba wa kujenga bwawa la Kidunda, mkoani Morogoro, lililosanifiwa kuhifadhi mita za ujazo milioni 190. Kiasi hicho, tukiacha yanayokaushwa na jua, ni zaidi ya mahitaji ya mwaka mzima ya mitambo ile miwili. Bwawa ni dawa ya kweli ya mto unaokauka. Lakini bwawa halisaidii ratiba inayovunjwa. Mtaa ulioandikiwa Jumanne upate Jumanne, na mitaa isiyo na matangi ipewe zamu ya mchana au ya jioni, wakati watu wako macho. Zamu ya saa 8 usiku wapewe wenye matangi, ambayo hujijaza yenyewe mwenyewe akiwa amelala.