Kadi ya Arusi Isiishie Jaani

Mwezi uliopita, nikitoka msikitini baada ya alasiri hapa Mji wa Kale, Mombasa, nilimwona mbuzi jaani akitafuna kadi ya arusi. Nilipompokonya, nusu ya Bismillahi ilikuwa imekwisha kuliwa. Bibi arusi namjua. Kadi kama hiyo nami nililetewa, na sikumbuki niliitia wapi.

Nilitahayari zaidi kwa sababu mfukoni nilikuwa na mfano wa kadi ya binti yangu: ya mraba, sentimita 15 kwa 15, aya kwa maandishi ya dhahabu, na juu yake plastiki ya kuing'arisha. Nikaenda moja kwa moja kwa mpiga chapa.

Kijana yule alitwaa rula akanionyesha hesabu. Karatasi ya A4 ni sentimita 21 kwa 29.7. Kadi yangu hutoka moja tu. Ya pili yakosa milimita 3! Mabaki hutupwa. Lakini karatasi hiyo hiyo ukiikata katikati, kisha katikati tena, utapata kadi nne bila kubaki hata utepe, mradi wino usifike ukingoni. Kwa kadi 300 basi, ni karatasi 75 badala ya 300. Na fedha zangu je, msomaji?

Kuhusu plastiki, alisema karatasi tupu huweza kulowekwa, ikapondwa kama uji, ikafanywa karatasi nyingine. Iliyogandishwa plastiki ni taabu kuirejesha, na ikitupwa haiozi. Nchi yetu ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2017, nasi tunaikaribisha tena kwenye kadi!

La aya ndilo lililokuwa zito. Karatasi yenye jina la Mwenyezi Mungu haifai kutupwa wala kufungiwa njugu. Huzikwa au huchomwa kwa heshima. Nani atazizika 300? Nikaiondoa. Yakabaki majina, siku na mahali, kwa wino mmoja mweusi.

Nyumbani kulizuka zogo. Mdogo wangu wa kike alisema, "Kaka, hii ni kadi ya arusi au ya mkutano wa chama?" Binti akataka watu waalikwe kwa simu, yaishe. Hapo nikakataa mimi. Mtu hualikwa mlangoni kwake. Mwishowe tulipatana: Bismillahi ataitamka mpelekaji kwa kinywa chake, akisha kupiga hodi.

Kadi zitatoka Alhamisi. Shangazi ya bibi arusi hajaniamkia mpaka leo.