Nani Ashike Rimoti ya Skrini ya Kura?

Agosti 2022, usiku wa kusubiri matokeo ya urais wa Kenya, ungeweza kuhama kutoka kituo kimoja cha televisheni hadi kingine ukakuta mgombea mwingine anaongoza. Hakuna aliyekuwa anadanganya. Tume ya Uchaguzi, IEBC, ilikuwa inaweka picha za Fomu 34A, yaani fomu za matokeo ya kila kituo, kwenye tovuti yake, wazi kwa kila mtu, kutoka vituo vya kupigia kura zaidi ya 46,000, na kila chombo cha habari kilijijumlishia. Aliyeanza na Ndhiwa, Rongo na Nyatike, kule Homa Bay na Migori, alimwona Raila Odinga yuko mbele. Aliyeanza na Mlima Kenya alimwona William Ruto. Namba zilikuwa zile zile. Foleni ndiyo iliyotofautiana.

Sisi wa mitambo, tukikabidhiwa skrini inayotumiwa na wengi, iwe ya kuongozea umeme au ya kura, huuliza mambo matatu: nani atazame, nani aandike, na nani aamue kipi kitangulie. Wakenya tumepigania la kwanza na la pili hadi mahakamani. La tatu tumelisahau.

Tuchukue kuandika. Homa Bay ina maeneobunge 8, Migori nayo 8, na katika kila moja utaratibu ni ule ule. Kura zikishahesabiwa kituoni, msimamizi hujaza 34A, mawakala hutia sahihi, kisha kifaa cha kielektroniki cha KIEMS huipiga picha na kuituma. Fomu yenyewe hupelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge, ambaye hujaza 34B, fomu ya jumla ya eneobunge. Juni 2017, katika kesi ya Maina Kiai, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo ya urais yanayotangazwa katika eneobunge ni ya mwisho. Maana yake kwa fundi ni hii: msimamizi wa Suna Mashariki, hapo Migori, ana kalamu; mwenyekiti wa Tume kule Bomas, kwenye ujumlishaji wa taifa, pamoja na ukubwa wake, ana kikokotoo tu.

Maofisini kwetu hilo ni gumu kumeza. Mkubwa hupewa nywila inayofungua kila mlango, eti ni heshima, halafu anayeitumia ni kijana wa kompyuta. Septemba 2017, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa urais, barua ya ndani ya mwenyekiti wa Tume, Wafula Chebukati, kwa Mkurugenzi Mtendaji Ezra Chiloba ilivuja. Alitaka maelezo kuhusu akaunti iliyofunguliwa kwa jina lake bila idhini yake na kutumika mara 9,934. Maelezo yawe yalivyokuwa, ukishalazimika kuuliza nani aliingia kwa jina lako, umechelewa.

Haki ya kuandika nayo haitoshi. Machi 2013 skrini ya Bomas ilionyesha kura zilizoharibika zaidi ya 300,000. Tume ikaeleza baadaye kwamba programu ilikuwa inazizidisha mara nane. Mwisho wa hesabu zilikuwa 108,975. Hakuna karani aliyeandika uongo. Ukutani ndiko kulikoharibika.

Sasa foleni, lile swali la tatu. Hata ndani ya kaunti moja ina madhara: Migori ya Nyatike, kando ya ziwa, haipigi kura kama Migori ya Kuria, mpakani na Tanzania. Ukipandisha ya kwanza peke yake na kuandika “Migori” juu yake, umepotosha bila kugusa tarakimu hata moja. Kwa maoni yangu jumla ya taifa haistahili herufi kubwa kuliko zote. Herufi hizo zipewe idadi ya vituo vilivyokwishaingia, na orodha ya maeneobunge ambayo bado. Wanasiasa hawatapenda, na watangazaji hawatapenda zaidi.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Usiku huo, kabla hujashangilia wala kununa, tazama kwanza ni wapi hapajaingia, kisha ufungue 34A ya kituo ulichopigia kura ulinganishe na ile iliyobandikwa mlangoni.