Unampenda, hakujui: ushabiki na hadithi za mashabiki

Je, umewahi kulia kwa sababu amekufa mtu ambaye hajawahi kuzaliwa? Usione haya, mko wengi. Desemba 1893 gazeti moja la London liitwalo The Strand lilichapa hadithi ambamo mpelelezi Sherlock Holmes anatumbukia kwenye maporomoko ya maji huko Uswisi, yeye na adui yake. Mwandishi, Arthur Conan Doyle, alikuwa amemchoka Holmes. Wasomaji walikuwa hawajamchoka hata kidogo. Barua za hasira zikamiminika, na mama mmoja alianza ya kwake kwa tusi. Conan Doyle alikaza roho miaka kumi, lakini mwaka 1903 akasalimu amri: Holmes akarudi, na ikaelezwa kwamba kumbe hakutumbukia.

Sisi neno tunalo: ushabiki. Aliyezidi tunamwita mnazi. Mnazi wa Simba au Yanga anajulikana mtaani, timu ikifungwa hali chakula, na hakuna anayemshangaa. Lakini binti wa kidato cha pili akisema haliwi wala halaliki kwa sababu kundi la muziki la Korea limeahirisha onyesho, au kijana akijaza daftari zima kwa visa vya shujaa wa filamu, watu wanacheka: "Huyu vipi?" Jamani, tofauti iko wapi? Moyo ni ule ule. Tuangalie unazi huu wa pili unavyoanza, una raha gani, na wapi unaweza kukuumiza.

WALIANZA ZAMANI

Shabiki hatosheki na alichopewa. Hadithi ikiisha, yeye anauliza: halafu? Akikosa jibu, anaandika mwenyewe. Hizo ndizo hadithi za mashabiki: unachukua wahusika na ulimwengu uliobuniwa na mtu mwingine, unatunga kisa kipya. Holmes aliandikiwa visa vya namna hiyo tangu Conan Doyle yuko hai. J. M. Barrie, yule aliyemtunga Peter Pan, alimwandikia Conan Doyle kisa kizima cha utani kuhusu Holmes, na mwenyewe akakifurahia hadi akakiweka katika kitabu cha maisha yake. Mwigizaji wa Marekani, William Gillette, alipouliza kama anaweza kumwoza Holmes mke jukwaani, alijibiwa afanye apendavyo.

Mbegu hiyo ilifika hadi Unguja. Muhammed Said Abdulla alipomtunga Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko mdomoni, alimpa na rafiki wa kutembea naye, Najum, kama vile Holmes alivyo na Watson. Kitabu chake cha kwanza, Mzimu wa Watu wa Kale, kilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957/58 na kikachapwa 1960. Hiyo si hadithi ya shabiki kwa maana kamili, maana Bwana Msa ni Mzanzibari wa kweli kweli, mwenye mambo yake na watu wake. Lakini inaonyesha jinsi mtu anavyoweza kupenda kitu cha mbali, akakileta nyumbani, kikageuka chake.

Ushabiki kama tunaoujua leo ulichipuka Marekani katika miaka ya sitini. Mchezo wa televisheni wa Star Trek, wa safari za angani, ulianza Septemba 1966. Mwaka uliofuata tu, mashabiki wawili wa kike walitoa gazeti lao, Spockanalia, jina lililotokana na Bwana Spock mwenye masikio yaliyochongoka. Hawakuwa na kiwanda. Walikuwa na mashine ya kudurufu, ile ile ya stensili na wino wa kuchafua vidole iliyotoa mitihani ya wazazi wako. Magazeti hayo yaliuzwa kwa posta, bei ya kurudisha gharama, na waandishi wengi walikuwa wanawake. Mchezo wenyewe ulifutwa mwaka 1969. Mashabiki hawakufutika. Wao ndio walioufanya uendelee kutajwa mpaka ukarudi kama filamu mwaka 1979.

Leo hakuna stensili, kuna simu. Hadithi za mashabiki zinahesabiwa kwa mamilioni. Huko bwenini, ambako simu ni marufuku, kuna kaunta buku inayopita kitanda hadi kitanda, kila mmoja akidai sura inayofuata. Hilo nalo ni gazeti, msilidharau.

KWA NINI TUNAZIMIKA HIVI?

Mwaka 1956 wataalamu wawili wa Marekani, Donald Horton na Richard Wohl, waliandika kuhusu jambo waliloliona kwa wasikilizaji wa redio na watazamaji wa televisheni. Mtangazaji anatazama kamera kana kwamba anakutazama wewe. Anakusalimu. Anakuja kila wiki, saa ile ile. Baada ya muda unajua anavyocheka, unajua hasira zake, unaona kama mnafahamiana. Ni urafiki, ila wa upande mmoja: wewe unamjua, yeye hajui kama upo.

Huo si wendawazimu. Mwili na akili yako vinajibu sauti na sura kama vilivyozoea kujibu watu. Hisia ni za kweli, hata kama uhusiano si wa kweli. Na katika umri wenu hisia hizo zina kazi. Unaanza kujiuliza wewe ni nani, unapenda watu wa namna gani, unataka kuwa kama nani. Kumfagilia mwanamuziki ni njia salama ya kujaribu mapenzi: hatakukataa, hatakusema kwa wenzako, hatakutaka mwili. Ndiyo maana vijana wengi huzimikia mtu wa mbali kabla hawajampenda wa karibu. Wengi hutulia wenyewe wakikua.

Lakini kwa kuwa hisia ni za kweli, maumivu nayo ni ya kweli. Tarehe 13 Februari 1996 kundi la Uingereza, Take That, lilitangaza kuvunjika. Vijana walilia hadi zikafunguliwa namba za simu maalumu za kuwapa ushauri. Watu wazima wengine walicheka. Mimi nasema waliopokea simu zile walifanya kazi ya maana, kwa sababu kijana anayelia kwa ajili ya wanamuziki wanne mara nyingi analia na mengine: baba aliyehama nyumbani, rafiki aliyemtupa, mtihani alioshindwa. Wimbo ulikuwa ndio nguzo yake, na nguzo imeanguka.

Kwa hiyo rafiki yako akiwa katika hali hiyo, usimwambie "Si mwanamuziki tu?" Muulize ni nini kingine. Na ukijiona wewe mwenyewe wiki zinapita huli vizuri, huongei na mtu, masomo yameshuka, au umeanza kuchota pesa za nyumbani kununua bando, basi hapo si tena raha. Ongea na mtu mzima unayemwamini.

Kuna jambo jingine ambalo mashabiki hawapendi kuambiwa. Urafiki huu wa upande mmoja unauzwa. Makampuni yanajua kwamba ukiona unamfahamu mtu utanunua fulana yake, sabuni yake, na wimbo ule ule mara tatu ili upande chati. Kununua si kosa kama pesa ni yako na chakula kimebaki. Ila ukisikia kwamba asiyenunua si shabiki wa kweli, ujue hapo anaongea muuzaji.

KUANDIKA KUNAKUPA NINI

Kwangu mimi hii ndiyo sehemu tamu. Mtu anayeogopa insha ya darasani anaweza kuandika kurasa arobaini za shujaa wake bila kuulizwa. Kwa nini? Wahusika wako tayari, msomaji anawajua, kwa hiyo hahitaji kujenga nyumba nzima, anaongeza chumba tu. Na humo chumbani anaweza kuweka mambo ambayo hawezi kuyasema kwa jina lake: woga, wivu, mapenzi, msiba. Unamwandikia shujaa huzuni yako, halafu unamtafutia njia ya kutoka. Ukiisha kuiona njia hiyo kwenye karatasi, ni rahisi kidogo kuifikiria kwa ajili yako.

Watakucheka, jiandae. Mwaka 1973 shabiki mmoja wa Star Trek, Paula Smith, alitunga kisa kifupi cha kejeli kuhusu Luteni Mary Sue, msichana wa miaka kumi na tano na nusu, mzuri kuliko wote, mwerevu kuliko wote, anayependwa na kila mtu melini na hatimaye anakufa kishujaa huku wote wakilia. Alikuwa anawatania waandishi chipukizi waliojiweka wenyewe katika kila hadithi. Tangu hapo "Mary Sue" likawa tusi. Kejeli ilikuwa nzuri, nakubali, lakini naona iliwanyamazisha wasichana wengi bure. Wavulana wameandika mashujaa wasiopigwa risasi tangu dunia iumbwe na hakuna aliyewacheka. Hadithi yako ya kwanza itakuwa na wewe ndani, mrembo na usiyeshindwa. Iandike uimalize. Ya pili itakuwa bora.

MAPENZI YA KWENYE HADITHI

Hadithi nyingi za mashabiki ni za mapenzi, na nyingine zinaeleza ngono waziwazi. Mara nyingi juu ya hadithi kuna maelezo yanayosema ni ya umri gani na ina mambo gani ndani. Yasome, na kama ni ya watu wazima, iache. Kusema kweli, waandishi wengine ni vijana kama wewe wanaoandika mambo ambayo hawajayajua. Ndiyo maana humo hakuna anayetaja kondomu, hakuna anayepata mimba asiyoitaka wala ugonjwa, hakuna anayesema "subiri kwanza" akasikilizwa. Usitumie hadithi hizo kama somo la mwili wako. Maswali ya mwili mpelekee muuguzi, mwalimu wa ushauri, au shangazi asiye na makelele.

Angalia pia namna mapenzi yenyewe yanavyochorwa. Mwaka 2013 Mmarekani Anna Todd alianza kuandika kwenye simu yake kisa kirefu kilichomhusu Harry Styles wa kundi la One Direction. Kilipendwa mno. Mwaka 2014 kikatoka kama kitabu, After, jina la mhusika likiwa limebadilishwa, na mwaka 2019 kikawa filamu. Ni mafanikio makubwa ya msichana aliyeanza kama shabiki. Lakini msome yule kijana: anafoka, anadanganya, anamwonea wivu mpenzi wake, kisha anasamehewa kila mara kwa kuwa ana majonzi. Katika kitabu inasisimua. Ukimpata mvulana wa namna hiyo mtaani kwenu, anayepekua simu yako na kukuchagulia marafiki, hakuna sura ya mwisho itakayombadilisha. Ondoka.

WALIO HAI, NA WALIO UPANDE WA PILI WA SIMU

Sherlock Holmes hawezi kuumia kwa ulichoandika. Mwanamuziki aliye hai anaweza. Ana mama, pengine ana mchumba, na hakukuomba umtungie mambo ya chumbani. Wenyewe kwa wenyewe mashabiki wanabishana juu ya hili. Rai yangu: visa vya utani na safari sawa, mambo ya faragha ya mtu halisi hapana. Na usithubutu kumwandikia hivyo mwanafunzi mwenzako, au mtoto yeyote, awe wa kweli au wa kubuni.

Tena, kwenye makundi ya mashabiki kuna marafiki wazuri sana. Vijana wapweke wamepata humo wenzao wa maisha. Ila humwoni unayeongea naye. "Dada Neema, miaka 16" anaweza kuwa mzee wa miaka 45. Mara nyingi huanza kwa kusifu hadithi yako kuliko wengine wote. Kisha anataka muongee pembeni. Kisha anauliza unasoma shule gani, unalala na nani chumbani. Kisha anaomba picha. Akifika kwenye picha, au kwenye "usimwambie mtu," acha kujibu na mwambie mtu mzima siku hiyo hiyo, hata kama tayari umetuma moja. Kosa ni lake. Tanzania na Kenya unaweza kupiga 116 bure, ni simu ya msaada kwa watoto.

Kuhusu usingizi nitasema kwa ufupi, maana mnajua wenyewe. Umri wa miaka 13 hadi 18 unahitaji saa 8 hadi 10. Sura moja zaidi chini ya blanketi saa nane usiku inalipwa kesho kwenye hesabu.

UNATAKA KUJARIBU?

Usianze na kitabu. Anza na ukurasa mmoja. Chagua mhusika unayemjua kiasi kwamba unaweza kubahatisha atasema nini akikanyagwa mguu kwenye daladala. Mtoe alikozoea. Mlete Bwana Msa shuleni kwenu asubuhi ambayo karatasi za mtihani wa moko zimepotea ofisini. Najum amezuiwa getini kwa sababu hana barua. Mwalimu wa zamu hataki kiko kiwashwe karibu na maabara. Mpishi ana viatu vyenye tope na jana haikunyesha. Mpe rafiki asome, mwenye ulimi mkweli, na umwombe akuonyeshe mahali alipochoka kusoma. Anzia hapo kusahihisha.

Ukitaka kuuza, ngoja. Wahusika wa wengine wana wenyewe, na sheria ya hakimiliki ipo. Anna Todd ilibidi abadilishe majina. Kwa sasa daftari linatosha, na mwenzako wa kitanda cha juu ameshauliza nani aliiba.