Kifaa cha Kuona Joto Mbele ya Darubini ya Bunduki

Joto la mwili wa mnyama hutoka kama miale isiyoonekana, nayo huwa kali zaidi kwenye mawimbi ya urefu wa mikromita 8 hadi 14. Kwa miale hiyo, kioo cha darubini ya bunduki ni ukuta mtupu. Ndiyo maana wawindaji wa nguruwe mwitu kule Texas, Marekani, usiku hupachika mbele ya darubini kifaa ambacho lenzi yake ni ya elementi iitwayo gerimani. Kwa jicho, gerimani hung'aa kama chuma na haipitishi nuru, lakini joto hupenya. Nyuma yake kuna kihisi cha joto, halafu skrini ndogo, halafu lenzi inayonyoosha mwanga ili darubini ione picha kana kwamba iko mbali.

Je, kifaa kikikaa kombo kidogo, shabaha si itapotea? La, mradi picha isikuzwe wala kupunguzwa. Tuseme kimeelekea kulia kwa nyuzi 1. Kwake, mnyama yuko nyuzi 1 kushoto, na kwenye skrini humweka hukohuko kushoto. Lakini skrini nayo imeelekea kulia kwa nyuzi 1, kwa hiyo kombo moja linafuta jingine na mnyama anabaki palepale. Picha ingekuzwa kwa asilimia 2 tu, zingesalia nyuzi 0.02, ambazo kwa mita 100 ni zaidi ya sentimita 3. Kwa mlengaji makini, hizo ni nyingi.

Hubaki kosa la ndani, pale skrini na kihisi visipolingana. Mwenye bunduki hupiga risasi chache mchana bila kifaa, kisha hukipachika na kupiga tena akilenga palepale. Matundu yakihama, havigusi vifundo vya kurekebishia darubini, kwani hivyo viko sahihi tayari. Huingia kwenye menyu ya kifaa na kuisogeza picha, pikseli baada ya pikseli.

Shabaha ya karatasi haifai hapa: wino na karatasi vina joto karibu sawa, basi duara la shabaha halionekani. Hubandikwa kipande cha foili ya alumini kilichoinamishwa kuelekea juu, nacho huakisi ubaridi wa anga. Ukuzaji wa darubini nao hushushwa, maana ukizidi, kinachokuzwa ni vitone vya skrini.