Maigizo ya Kihistoria Ngomeni na Ufundishaji wa Historia

Walimu wengi wa shule za msingi wanakubali kwamba mtoto hukumbuka zaidi aliyoyaona na kuyatenda kuliko aliyoyasikia tu. Kwa sababu hiyo maigizo yamepata nafasi kubwa katika ufundishaji wa historia. Lakini njia hii ina hatari yake pia. Picha iliyokwisha kuingia machoni mwa mtoto haitoki upesi, nayo hukaa vile vile iwe ni ya kweli au si ya kweli. Mwalimu aliyesoma kitabu chenye kosa aweza kulisahihisha ubaoni. Bali mchezo wenye kosa, uliochezwa kwa ngoma na milio ya bunduki, ni vigumu kuusahihisha.

Katika makala hii tunakusudia kuchambua mfano mmoja wa maigizo ya namna hiyo, kisha tuonyeshe ni hatua zipi mwalimu azifuate ili maigizo yawe somo badala ya kuwa tamasha tu. Mfano wenyewe unatoka mbali, huko Marekani, lakini swali linalotokana nao linamhusu kila mwalimu wa historia.

Ngome na maigizo yake

Kaskazini mwa Marekani, katika jimbo la Michigan, mahali ambapo Ziwa Michigan na Ziwa Huron hukutana, ipo ngome iitwayo Michilimackinac. Wafaransa waliijenga kiasi cha mwaka 1715. Haikuwa kambi ya askari tu; ndani ya ukuta wake wa magogo yaliyosimamishwa wima mlikuwamo kanisa na nyumba za wafanyabiashara walionunua ngozi za manyoya kutoka kwa wenyeji, yaani Waojibwe, Waodawa na mataifa mengine ya maziwa hayo. Waingereza walipowashinda Wafaransa, askari wao waliingia ngomeni humo mwaka 1761. Miaka ishirini baadaye walikuwa wamekwisha kuihama na kuhamia kisiwa kilicho jirani. Ngome tunayoiona leo imejengwa upya juu ya misingi ya zamani, na tangu mwaka 1959 wataalamu wa akiolojia wamekuwa wakichimba mahali hapo.

Tangu miaka ya 1960 wakazi wa mji mdogo wa Mackinaw City, wazazi pamoja na watoto wao, wameigiza hapo matukio ya mwaka 1763, mwishoni mwa mwezi wa Mei. Familia zinazozuru ngome huingia katika mandhari ya zamani: wapo watu waliovaa mavazi ya karne ya kumi na nane, wapo wanaopika jikoni kwa kuni, na wapo wanaoonyesha jinsi gobore linavyoshindiliwa baruti na kufyatuliwa. Mtoto hushika, hunusa na husikia. Baba na mama huulizwa maswali ambayo hawakuyatazamia. Hiyo ndiyo faida ya kwanza ya ziara ya namna hii: mtoto na mzazi hujifunza pamoja, na mazungumzo huendelea mpaka nyumbani.

Tukio lenyewe

Kiini cha maigizo ni mchezo wa mpira. Mwanzoni mwa Juni 1763 Waojibwe walicheza nje ya ngome na wageni wao Wasauk. Mchezo wenyewe huitwa baggatiway. Wachezaji hutumia fimbo zenye kikombe cha wavu nchani, na kutokana na mchezo huo ndipo ulipotoka mchezo wa lakrosi wa siku hizi. Kapteni George Etherington, mkuu wa ngome, alisimama nje kutazama. Mpira uliporushwa kuelekea ngomeni, wachezaji waliufuata kana kwamba ni sehemu ya mchezo. Wanawake wao walikuwa wameficha vishoka ndani ya mablanketi. Kwa muda mfupi ngome ikatekwa.

Mtoto anayetazama tukio hilo bila maelezo huenda akarudi nyumbani na fundisho moja tu: kwamba wenyeji walikuwa watu wa hila na ukatili. Hapo ndipo kazi ya mwalimu inapoanza. Hapana budi kwanza kuuliza sababu. Waingereza waliichukua nchi ile kutoka kwa Wafaransa, lakini wenyeji hawakuwa wameshindwa vitani, wala hawakuwa wameitoa ardhi yao. Zaidi ya hayo, Jenerali Jeffery Amherst alipunguza zawadi ambazo kwa desturi zilikuwa alama ya urafiki na malipo ya ruhusa ya kukaa katika nchi ya watu, akapunguza pia baruti ambayo wawindaji waliitegemea. Mwezi wa Mei mwaka ule kiongozi wa Waodawa aitwaye Pontiac alikuwa amekwisha kuizingira ngome ya Detroit, na vita vilienea katika maziwa yote. Tukio la Michilimackinac halikuanza siku ya mpira. Siku ile lilidhihirika tu.

Nani aliona nini?

Maigizo hutuonyesha tukio zima kama kwamba mtu mmoja aliliona lote. Ukweli ni kwamba habari zake zimetufikia kwa mashahidi wachache, na kila mmoja aliona kipande tu.

Shahidi wa kwanza ni Alexander Henry, mfanyabiashara wa ngozi, ambaye kitabu chake kilitolewa mwaka 1809, yaani miaka 46 baada ya tukio. Masimulizi yake ni ya kusisimua, nayo ndiyo yanayojulikana zaidi. Lakini Henry mwenyewe aeleza kwamba hakwenda kuutazama mchezo. Alikuwa chumbani akiandika barua. Aliposikia ukelele wa vita alichungulia dirishani, akaona watu wakiuawa. Basi aliyaona mauaji, lakini mpira hakuuona.

Shahidi wa pili ni Kapteni Etherington, aliyeandika barua tarehe 12 Juni 1763, siku kumi tu baada ya tukio, akiwa bado mateka. Yeye aliuona mchezo, lakini alikamatwa nje ya lango na kupelekwa msituni. Basi aliuona mpira, lakini mauaji ya ndani hakuyaona.

Tena mashahidi hao hawapatani. Etherington aliweka tukio tarehe 2 Juni. Henry aliliweka siku ya kuzaliwa kwa mfalme, ambayo ni tarehe 4. Etherington asema mpira ulirushwa karibu na lango. Henry azungumzia mpira kurushwa juu ya ukuta. Etherington alitaja waliouawa kuwa Luteni Jamet, askari 15 na mfanyabiashara mmoja, na wengine watano waliouawa baadaye, jumla watu 22. Henry aliandika kwamba mbali na luteni waliuawa askari 70. Tofauti hiyo si ndogo. Yafaa wanafunzi waulizwe ni nani wa kuaminiwa zaidi, na kwa sababu gani. Aliyeandika mapema ana kumbukumbu mbichi. Lakini yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa ngome iliyotekwa, na mkuu wa ngome iliyotekwa ana sababu ya kujitetea.

Shahidi wa tatu ni Waojibwe wenyewe. Habari zao zilihifadhiwa kwa masimulizi ya wazee. William Warren, ambaye mama yake alikuwa wa ukoo wa Kiojibwe na aliyeijua lugha yao, aliyakusanya masimulizi hayo na kuyaandika. Kitabu chake kilitolewa mwaka 1885, baada ya yeye kufariki dunia.

Yupo pia ambaye hakuandika na hakuulizwa. Henry alipokimbilia nyumba ya jirani yake, Charles Langlade, mwenye nyumba hakutaka kumsaidia. Aliyemwokoa ni mwanamke mtumwa wa nyumba hiyo, mwenyeji aliyetekwa kutoka taifa jingine. Alimpandisha darini, akafunga mlango na kuondoka na ufunguo. Henry hakuliandika jina lake. Katika mchezo wa kuigiza mwanamke huyo aweza kupita mbele ya watazamaji kwa dakika moja. Katika somo la historia anastahili swali zima.

Hatua za somo

Mwalimu mwanafunzi atakayetaka kutumia maigizo, ama kwa kuwapeleka watoto kuyatazama, ama kwa kuyatunga darasani, twamshauri afuate hatua hizi:

(a) Kabla ya maigizo, wanafunzi waelezwe sababu za tukio, siyo tukio peke yake. Wachore ramani ubaoni na waonyeshe nani aliishi wapi kabla ya ngome kujengwa.

(b) Wakati wa maigizo, kila kikundi kipewe mtu mmoja wa kumfuatilia: askari, mchezaji wa mpira, mfanyabiashara, mtumwa. Kikundi kiandike yale tu ambayo mtu huyo angeweza kuyaona kutoka pale alipokuwapo.

(c) Baada ya maigizo, vikundi vilinganishe maandishi yao. Mwalimu agawe ubao sehemu tatu: tunayoyajua kwa hakika, ambayo mashahidi wanapingana, na ambayo watungaji wa mchezo wameyaongeza.

(d) Mwisho, mandhari ile ile iigizwe tena kutoka upande mwingine. Watoto waliokuwa ndani ya ukuta sasa wasimame nje yake.

Kuhusu mauaji, mwalimu awe mwangalifu. Watoto hupenda kuanguka na kufa kwa kelele, na darasa zima laweza kugeuka kicheko. Inatosha ishara: mtoto aliyeuawa aweke kofia yake chini na asimame kando kwa ukimya. Kadhalika isiwe desturi kuwachagua watoto wale wale kila mara kuwa adui, kwani mchezo ukiisha jina hilo laweza kuwafuata mpaka uwanjani.

Tujitazame nasi

Mwalimu wa Tanzania hahitaji kuvuka bahari ili kupata ngome ya kufundishia. Tarehe 30 Agosti 1905, katika Vita vya Majimaji, wapiganaji waliishambulia boma ya Wajerumani huko Mahenge wakarudishwa nyuma kwa bunduki za rashasha. Kwa muda mrefu habari zilizoandikwa zilikuwa hasa za wale waliokuwa ndani ya boma. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu, Dar es Salaam, walikwenda vijijini kukusanya kumbukumbu za wazee, na ndipo sauti za waliokuwa nje ya ukuta zikaingia katika maandishi. Darasa litakaloigiza vita hivyo kwa habari za upande mmoja litaonyesha watu waliodanganyika na maji tu. Darasa litakalouliza sababu litakuta mashamba ya pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko.

Wazee walioshuhudia vita hivyo hawapo tena, bali wajukuu wao wapo, na baadhi yao ndio wazazi na babu za wanafunzi wetu. Hapa familia inaweza kushiriki kama zishirikivyo familia za Mackinaw City, na hata zaidi. Mwalimu awape watoto kazi ya kuuliza nyumbani: wazee wetu walisimulia nini juu ya boma, na walikuwa upande gani wa ukuta? Majibu yatakayoletwa yatapingana, kama yalivyopingana ya Henry na Etherington. Mwalimu asiyafute ili kubakiza moja. Ayaandike yote ubaoni, aandike na jina la aliyeyasema, kisha ndipo watoto waanze kutunga mchezo wao.