Kompyuta na Kamari
Mwaka 1946 mwanahisabati Stanislaw Ulam, akipata nafuu kutoka ugonjwani huko Marekani, alicheza karata peke yake. Akajiuliza, nafasi ya kushinda ni kiasi gani? Hesabu ilimlemea, akaona afadhali kompyuta irudie mchezo mara nyingi na kuhesabu ushindi. Njia hiyo ikaitwa Monte Carlo, mahali pa kamari!

Haya, iambie kompyuta icheze ruleti: vishimo 18 vyekundu, 18 vyeusi, kimoja cha sufuri. Mtu ana shilingi 100, anawekea chekundu shilingi moja moja mpaka apate 200 au zimwishie. Katika watu 1,000, watakaofaulu ni kama wanne. Waliobaki, ndugu yangu, wameliwa na kile kishimo kimoja.