Siku za Wazi za Makumbusho Tanga: Nafasi ya Wananchi wa Handeni na Korogwe

Jijini Tanga, ndani ya Boma la Kale lililojengwa na Wajerumani, yamo Makumbusho ya Urithi Tanga. Hapo huhifadhiwa na kuonyeshwa picha za zamani, vitu na kumbukumbu zinazohusu maisha ya mji huo na maeneo yanayouzunguka. Kwa mkazi wa Korogwe safari ya kufika huko haizidi kilomita 100, na wa Handeni huongeza mwendo wa kutoka kwake hadi barabara kuu. Pamoja na ukaribu huo, wananchi wengi wa wilaya hizi mbili huyachukulia makumbusho kuwa ni mahali pa watalii na watafiti, au pa wakazi wa pwani peke yao.

Makala haya yanaeleza shughuli za umma zinazofanyika katika makumbusho, sababu za historia ya Handeni na Korogwe kuwa na nafasi ndani yake, na namna kaya au shule inavyoweza kushiriki bila kupoteza haki ya mali yake.

Shughuli za umma ni zipi?

Jumba la makumbusho lina kazi mbili kubwa. Ya kwanza ni kuhifadhi vitu na kumbukumbu ili visiharibike. Ya pili ni kuvifikisha kwa wananchi kwa njia ya maonyesho, mihadhara, ngoma za asili, matembezi ya kihistoria, mashindano ya wanafunzi na mazungumzo na wazee. Shughuli hizi za pili ndizo huitwa shughuli za umma, na siku zinapofanyika kwa mwaliko wa watu wote huitwa siku za wazi.

Tarehe inayofahamika zaidi duniani ni 18 Mei, Siku ya Kimataifa ya Makumbusho, iliyoanza kuadhimishwa mwaka 1977 kwa uamuzi wa Baraza la Kimataifa la Makumbusho. Hapa nchini upo mfano wa muda mrefu katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam, kilichoanzishwa mwaka 1966. Katika siku za utamaduni zinazoandaliwa kijijini hapo, jamii husika hualikwa kuonyesha yenyewe nyumba, vyakula, ngoma na mila zake. Mwenye utamaduni ndiye huwa msemaji, naye mgeni husikiliza na kuuliza.

Mkoa wa Tanga nao una tarehe zake. Kati ya tarehe 2 na 5 Novemba 1914 yalipiganwa Mapigano ya Tanga, ambapo jeshi la Waingereza lililoletwa kutoka India lilishindwa na kikosi kidogo zaidi cha Wajerumani na askari Waafrika, huku makundi ya nyuki yakiwashambulia wapiganaji vichakani. Tarehe 1 Januari 1909 alizaliwa Vibambani mwandishi Shaaban Robert, aliyefariki dunia mwezi Juni 1962. Tarehe za namna hii hutoa sababu njema ya kukutana, kusoma na kukumbuka.

Historia ya Tanga haiishii ufukweni

Bandari ya Tanga haikukua kwa nguvu ya bahari peke yake. Ujenzi wa reli ulianzia Tanga mwaka 1893, ukafika Muheza mwaka 1896, Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Kila kituo kilichofikiwa kilibadili maisha ya watu wa mahali hapo: masoko yalihama, vijiji vilisogea, na vijana wakaenda kutafuta kazi ya mshahara.

Mkonge nao ulifuata mkondo huohuo. Mwaka 1893 Dkt. Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na ni miche 62 tu iliyofika ikiwa hai. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa yaliyopandwa kando ya reli, yakiwemo ya Hale, Magunga, Mwelya na Ngombezi wilayani Korogwe. Wafanyakazi waliletwa kutoka mikoa ya mbali na hata nje ya nchi, wakaitwa manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi ya kuwaandikisha wafanyakazi hao, iliyojulikana kwa jina la SILABU. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba hayo ilitaifishwa.

Handeni ina sura yake katika historia hiyo. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walijenga njia nyepesi ya reli kutoka Mombo hadi Handeni, na vigari vyake vilisukumwa kwa nguvu za watu ili kusafirisha mizigo ya jeshi kuelekea kusini. Mwezi Juni 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Korogwe na kisha Handeni. Vitabu vingi vimewataja majenerali wa vita hivyo. Wasukuma vigari na wapagazi hawakuandikwa majina yao, na mahali pekee ambapo baadhi ya majina hayo yanaweza kupatikana leo ni katika masimulizi ya familia.

Nguvu ya masimulizi: mfano wa Wazigua wa Chogo

Nguvu ya masimulizi hayo imethibitika wilayani Handeni kwenyewe. Katika karne ya 19, wakati wa njaa na biashara ya utumwa, Wazigua wengi walichukuliwa kwa majahazi hadi pwani ya Somalia. Baadhi yao walitoroka na kufanya makazi kando ya Mto Juba. Kwa vizazi kadhaa waliendelea kuzungumza Kizigua na kuwasimulia watoto wao kuwa asili yao ni nchi ya Wazigua. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991, baadhi ya wajukuu wao walivuka na kuja Tanzania, na hatimaye wakapewa makazi Chogo, wilayani Handeni.

Hawakurudi wakiwa na hati mikononi. Lugha na simulizi za wazee ndizo zilizowaunganisha na nchi ya mababu zao. Hata hivyo, simulizi huishi kwa kadiri ya msimuliaji anavyoishi. Mzee asiyesikilizwa akifariki dunia, anazikwa na majina, njia na tarehe ambazo hakuna ofisi inayoweza kuzirejesha. Kwa sababu hiyo siku za wazi za makumbusho zina umuhimu unaozidi burudani: huwakutanisha wenye kumbukumbu na watu wenye ujuzi wa kuzihifadhi.

Vitu gani vina thamani?

Wananchi wengi hudhani kuwa makumbusho hutafuta dhahabu, vito au silaha za machifu. Ukweli ni kuwa kitu cha kawaida chenye maelezo kamili kinaweza kuwa na manufaa makubwa kuliko kitu cha fahari kisichojulikana kilikotoka. Kadi ya kipande ya manamba, iliyotiwa alama kila kazi ya siku ilipokamilika, hueleza ujira na muda wa kazi. Picha ya harusi huonyesha mavazi na nyumba za wakati wake. Kinu, ungo, ngoma, jembe la kienyeji, barua ya zamani au daftari la chama cha ushirika, vyote vina la kusema.

Kila kitu kinahitaji maelezo manne: kilikuwa cha nani, kilitengenezwa au kupatikana lini, kilitumika wapi, na kilitumika kwa kazi gani. Kwa picha, inashauriwa majina ya waliomo yaandikwe nyuma kwa penseli laini, kwa kuwa wino hupenya na gundi huharibu karatasi. Kwa simulizi, simu ya mkononi inatosha kurekodi sauti. Mzee aombwe ridhaa kwanza, ataje jina lake, kijiji chake na makadirio ya mwaka wake wa kuzaliwa, kisha aachwe azungumze kwa lugha anayoimudu zaidi, iwe Kizigua, Kisambaa, Kibondei au Kiswahili. Nakala ya sauti hiyo ihifadhiwe mahali pawili.

Kutoa, kuazima au kunakili

Hofu kubwa ya familia ni kupoteza mali ya urithi. Hofu hiyo ina msingi, na huondolewa kwa kufahamu njia tatu zinazotumika kwa kawaida.

Njia ya kwanza ni kutoa moja kwa moja. Hapa umiliki huhamia kwa makumbusho, na haifai kufanyika bila makubaliano ya familia nzima. Njia ya pili ni kuazima. Kitu hubaki kuwa mali ya familia, na makumbusho hukitunza au kukionyesha kwa muda uliokubaliwa. Njia ya tatu ni kunakili. Picha au hati hupigwa picha na kurejeshwa kwa mwenyewe siku hiyohiyo. Kwa familia ambayo haijafikia uamuzi, njia hii ya tatu ndiyo salama zaidi.

Katika njia yoyote, mwananchi hapaswi kukabidhi kitu bila maandishi yanayotaja jina lake, maelezo ya kitu, hali yake, njia iliyochaguliwa na, kama kimeazimwa, tarehe ya kurejeshwa. Nakala moja hubaki kwake. Anayekuja nyumbani kukusanya vitu vya kale bila barua ya utambulisho asikabidhiwe chochote, na taarifa zake zipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji.

Sheria nayo inahusika. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863, pamoja na milango na fremu za mbao zilizochongwa kabla ya mwaka 1940. Anayegundua mabaki ya kale wakati wa kulima, kuchimba msingi au kuchimba madini anawajibika kutoa taarifa kwa mamlaka za Serikali. Kuchimbua eneo la kale au kusafirisha vitu hivyo nje ya nchi bila kibali ni kosa. Chungu kilichoondolewa ardhini kwa pupa hupoteza sehemu kubwa ya habari zake, kwa kuwa mahali kilipolala ni sehemu ya ushahidi.

Utaratibu kwa shule

Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limeongeza haja ya wanafunzi kujifunza kwa kuona. Shule inayokusudia kuwapeleka wanafunzi makumbusho inashauriwa kuwasiliana na uongozi wa makumbusho mapema ili kujua siku, kiingilio na idadi inayoweza kupokelewa, kupata kibali kupitia Afisa Elimu husika, na kupata ridhaa ya wazazi kwa maandishi. Safari moja inaweza kuunganishwa na Mapango ya Amboni, yaliyo kaskazini mwa jiji, au magofu ya Tongoni, yaliyo kusini mwake.

Ziara hufaulu zaidi inapotanguliwa na kazi ya nyumbani. Mwanafunzi aliyemhoji bibi yake kuhusu reli au mkonge hufika makumbusho akiwa na swali, na hurudi akiwa na jibu la kumpelekea bibi. Shule isiyo na uwezo wa kusafiri inaweza kuandaa siku yake ya wazi kijijini, kwa kuwaalika wazee, kuonyesha vitu vilivyoazimwa na kuandika yaliyosemwa.

Pa kuanzia

Mwananchi mwenye kitu, picha au simulizi anaweza kuanzia katika Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Kata, au kwa Afisa Utamaduni wa Halmashauri, ambaye ndiye kiungo kati ya jamii na taasisi za uhifadhi. Vikundi vya ngoma na sanaa vinavyopenda kushiriki siku za wazi navyo hupitia kwa afisa huyo.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Wazee waliokata mkonge na kufanya kazi kwenye reli bado wapo katika baadhi ya kaya, na idadi yao inapungua mwaka hadi mwaka. Kaya yenye mzee wa namna hiyo haina haja ya kusubiri 18 Mei: jioni moja, simu yenye chaji na masikio matulivu vinatosha kuianza kazi hiyo.